Harufu ya paka imenishinda nyumbani: jibu kwa dada wa Tabata

Swali nililoletewa ni hili, nalifupisha kidogo: "Shikamoo daktari. Nakaa Tabata, tumepanga vyumba viwili na sebule, sakafu ni ya niru afu sebuleni tumetandika kapeti. Nina paka wawili, dume wa miezi kumi na jike, na kambwa kadogo kanalala kibarazani. Nyumba inanuka mkojo, hasa mvua zikianza. Nadeki kwa jiki asubuhi na jioni, nachoma udi, nimenunua spreyi, nimeweka mpaka vidonge vya nondo nyuma ya kochi lakini wapi, harufu inarudi. Nina mimba ya miezi mitatu, mama mkwe anasema paka watoke kabla sijajifungua na mwenye nyumba naye ameanza kulalamika. Sitaki kuwatupa. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa ujauzito. Nianze kwa kukutoa hofu, paka wako hawana sababu ya kutupwa na nyumba yako haijaharibika. Ila kuna vitu viwili nataka uviache leo hii hii kabla hujasoma mbele, jiki kwenye mkojo, na hivyo vidonge vya nondo. Nitaeleza kwa nini.

Jiki kwanza. Mkojo ukikaa, bakteria wanaivunja ile yurea iliyomo na kutoa amonia, ndo ile harufu kali inayochoma pua ukiinama karibu na beseni la paka. Amonia ikikutana na jiki inatoka gesi inaitwa kloramini, inakera macho, inabana kifua, na ukiwa kwenye chumba kidogo madirisha yamefungwa ukadeki sehemu yenye mkojo mwingi unaweza kupata shida ya kupumua kweli kweli, na wewe ni mjamzito. Wengine wakiona jiki haijasaidia wanaongeza ndimu au siki juu yake hapo hapo, hiyo ni mbaya zaidi maana jiki na kitu chenye asidi vinatoa gesi ya klorini yenyewe. Nimeshaitwa kwa mama mmoja nikamkuta kakaa nje kwenye ngazi anakohoa machozi yanamtoka, alikuwa anasafisha beseni la paka wanne bafuni, kamwaga jiki juu ya mkojo wa siku tatu na mlango kaufunga ili harufu isiende sebuleni. Alipona, lakini tangu siku hiyo sipiti mtu mwenye paka bila kumwambia hili. Na ukiacha hatari, jiki yenyewe haikusaidii sana, inaua wadudu wa juu afu inakuachia harufu yake, na kuna paka ambao ile harufu ya klorini inawavuta, wanarudi kukojoa pale pale ulipotoka kudeki.

Vidonge vya nondo vile vyeupe ni sumu kwa paka, mbwa, na mtoto akiokota akala. Toa vyote, hesabu kama ulijua idadi, angalia na chini ya kochi. Na kama unatumia ile dawa ya kudekia inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiiweka kwenye maji, nayo iache kwenye nyumba ya paka. Zile zina kemikali za jamii ya fenoli na ini la paka halina uwezo mzuri wa kuziondoa mwilini kama ini letu au la mbwa. Paka anakanyaga sakafu mbichi, anajilamba miguu, na dawa imeingia tumboni. Watu wengi wanaona paka anatokwa mate wanadhani kalishwa sumu na jirani kumbe ni deki ya asubuhi.

Udi sikukatazi, nyumba za Pwani bila udi zitakuwa nyumba gani. Lakini udi, ubani, spreyi, vyote hivyo vinaweka harufu nyingine juu ya harufu, havitoi chochote sakafuni. Choma udi nyumba ikishakuwa safi, chumba kingine tofauti na wanacholala wanyama, dirisha wazi.

Sasa twende kwenye kiini. Makosa ya karibu kila mtu anayeniletea swali hili ni kwamba anapambana na hewa wakati harufu haikai hewani, harufu ina mahali inapotokea, mara nyingi ni sehemu tatu au nne tu ndogo kama sahani, na ukizipata hizo na kuzisafisha inavyotakiwa umemaliza robo tatu ya kazi. Usipozipata hata ukideki mara kumi kwa siku unazungusha tu.

Tatizo ni kwamba pua yako imeshazoea. Pua ya binadamu ikikaa na harufu moja muda mrefu inaacha kuisikia, sio uchafu wako ni maumbile. Kwahiyo toka nje, nenda sokoni au kaa kwa jirani saa moja, urudi ufungue mlango ukiwa na akili ya kunusa, ile pumzi ya kwanza ndo inakwambia ukweli. Ingia taratibu, inama, nusa kwenye usawa wa goti maana paka dume anakojolea usawa huo. Miguu ya kochi, kona za ukuta, nyuma ya mlango, chini ya pazia, pembeni ya friji, viatu vilivyowekwa mlangoni, kapu la nguo chafu.

Afu kuna mbinu naipenda sana na ni rahisi. Tafuta kile kitochi cha mwanga wa zambarau ambacho wenye maduka na mawakala wa fedha wanakagulia noti bandia, kama huna azima. Usiku zima taa zote, funga mapazia, subiri macho yazoee giza dakika kadhaa, afu mulika sakafu na kuta ukiwa umeshika tochi karibu, kama urefu wa mkono. Mkojo uliokauka unang'aa, unaona michirizi na madoa ya rangi ya njano ya kijani hivi. Mara ya kwanza nilifanya hivi kwenye nyumba ya mteja Mbagala, yeye na watoto wake walikuwa wamesimama nyuma yangu kimya, nikamulika ukuta wa sebule nyuma ya televisheni, ikaonekana michirizi kama saba inashuka mpaka chini, na chini pale kwenye mwanya kati ya ukuta na niru kuna mstari mzima unang'aa. Yule mama alikuwa anafua kapeti kila wiki. Kapeti halikuwa na doa hata moja.

Angalizo, sabuni za unga nazo zinang'aa kwenye mwanga ule maana zina kemikali ya kung'arisha nguo, lakini mng'ao wake ni mweupe wa bluu na umesambaa, mkojo ni doa lenye mipaka au mchirizi. Ukiwa na wasiwasi nusa. Kila doa lizungushie chaki, la ukutani weka utepe. Usisafishe usiku ule, maliza kwanza kutafuta nyumba nzima.

Unasema harufu inazidi mvua zikianza. Hiyo ni dalili kubwa, inaniambia mkojo umeingia ndani ya niru. Niru hata ikisuguliwa ikang'aa vipi bado ni sementi, ina vitundu vidogo visivyoonekana, mkojo unazama, maji yanakauka chumvi zake zinabaki humo. Kiangazi zimekaa kimya, masika ikifika hewa ya Dar inakuwa na unyevu, zile chumvi zinavuta unyevu na harufu inafufuka kama vile kakojoa jana. Ndo maana mtu anahamia nyumba, mpangaji wa zamani alikuwa na paka, miezi sita hamna shida, mwezi wa nne nyumba nzima inanuka na yeye hata paka hana.

Na mkojo wa paka sio kama mkojo mwingine. Una kitu kinaitwa felinini ambacho kikivunjika taratibu kinatoa kemikali zenye salfa ndani yake, jamii moja na zile zinazofanya kitunguu au gesi ya kupikia kunuka. Wanasayansi wa Japani mwaka 2006 walionyesha kuna protini maalumu kwenye mkojo wa paka inayosimamia utengenezaji wa hiyo felinini, na dume asiyehasiwa anaitoa kwa wingi kuliko jike na kuliko dume aliyehasiwa. Kwahiyo mkojo mbichi haunuki sana, unaweza kuupita, kesho yake ndo unakuja juu. Sabuni ya kawaida na maji inatoa amonia vizuri lakini zile za salfa zinashikilia. Hapo ndo watu wanakata tamaa.

Dawa yake iko duka la dawa, haidrojeni peroksaidi, ile wanayosafishia vidonda inayotoa povu. Kuna mkemia wa Marekani anaitwa Paul Krebaum, mwaka 1993 alitoa mchanganyiko wa kuondoa harufu ya yule mnyama wao anayefanana na kicheche wetu, ambaye akikupulizia unanuka wiki nzima. Harufu ile nayo ni ya salfa, na mchanganyiko huo huo unafanya kazi kwenye mkojo wa paka. Soma lebo, unataka asilimia 3. Kama ni asilimia 6 ongeza maji safi kipimo sawa kwa sawa. Chukua mililita 200 ambazo ni kama kikombe kidogo cha chai, weka kijiko kimoja cha mezani cha bekingi soda, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, koroga kwenye bakuli la plastiki na tumia hapo hapo. Usiuhifadhi kwenye chupa ukafunga kizibo, unatoa gesi, chupa inapasuka. Nasema bekingi soda ile ya jikoni nyeupe laini, sio magadi soda, magadi ni makali zaidi yanababua ngozi na mnyama akiyalamba yanamuunguza mdomo. Vaa glavu. Na kwa kitambaa cha rangi jaribu kwanza sehemu iliyojificha maana unaweza kuchujua rangi.

Lakini kabla ya peroksaidi osha kwanza. Chukua sabuni ya unga iliyoandikwa ina enzaimu, yaani protini zinazovunja vunja uchafu, changanya na maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto sana maana moto mkali unaua enzaimu. Mimina juu ya doa uende hata inchi mbili nje ya mpaka wa chaki, kwa sababu chini mkojo umetambaa mbali kuliko unavyoona juu. Funika na tambara lililolowa ili isikauke, acha nusu saa au hata saa nzima. Hapa ndo penye siri, mkojo ulizama kwa kukaa, na dawa nayo inazama kwa kukaa. Ukimwaga na kufuta ndani ya dakika moja umeosha ngozi ya sakafu tu. Afu futa, suuza na maji safi mara mbili, kausha kwa tambara. Ndo umimine peroksaidi, acha dakika kumi na tano mpaka povu litulie, suuza, fungua madirisha, washa feni, ikauke kabisa. Kwa niru iliyokunywa mkojo miezi mingi usitegemee mara moja, rudia siku ya pili na ya tatu, na subiri siku ya mvua unuse tena.

Siki nayo inasaidia kwa amonia, changanya na maji nusu kwa nusu, lakini kwenye sementi usiiache ikakaa muda mrefu maana asidi inakula sementi, pitisha na usuuze. Na siki na bekingi soda usivichanganye pamoja kwenye chombo kimoja, vinatoa povu la kupendeza afu kila kimoja kimemuua mwenzie unabaki na maji ya chumvi.

Ukishahakikisha pamekauka na pameacha kunuka, ongea na mwenye nyumba mpige rangi ya sakafu kwenye niru, au hata zile sehemu tu, ili vitundu vizibe na ajali ya kesho iishie juu. Ongea naye kwa ustaarabu, mwambie nimegundua tatizo lilipo na nimeshalishughulikia, nataka nizibe sakafu yako, wenye nyumba wengi wakisikia hivyo wanapoa. Ila usipake rangi kabla ya kusafisha, utaifungia harufu ndani na ukuta utaitoa kwa pembeni.

Kapeti linyanyue lote. Najua ni kazi, makochi yatoke, mwambie shemeji asaidie, wewe usinyanyue. Angalia upande wa chini, kama lina sponji na sponji limelowa mara nyingi, sponji hilo haliponi, kata litupe. Kapeti lenyewe oshea nje na sabuni ya enzaimu, lianike juani mpaka likauke mgongo na tumbo, siku mbili tatu kama ni zito. Kama unaweza, kaa bila kapeti mpaka paka atulie, tandika mkeka au jamvi linaloweza kutolewa nje kila wiki. Na mswala wenu wa kusalia ukunjeni muuweke juu kabatini mkimaliza, usiachwe chini, maana ukilowa mkojo ni najisi mpaka uoshwe.

Haya sasa huyo dume. Miezi kumi, hajahasiwa, hapo ndo mwenye kesi mkubwa alipo. Mwangalie anavyofanya. Akichuchumaa akaacha dimbwi sakafuni, anakojoa, na shida ni choo chake hakimpendezi au anaumwa. Akisimama, akageuza mgongo ukutani, mkia umenyooka juu unatetemeka, miguu ya nyuma inakanyaga kanyaga, anapiga alama, anaandika "hapa kwangu". Paka dume wanaanza hii tabia wakikaribia kubalehe, miezi mitano sita na kuendelea, na haitaisha kwa kumchapa wala kumpaka pua kwenye mkojo. Tafadhali usimfanyie hivyo, anachojifunza ni kukuogopa wewe, na paka mwenye hofu anapiga alama zaidi. Mhasi. Madume karibu tisa kwa kumi wanapunguza sana au wanaacha kabisa wakihasiwa, na mkojo wenyewe unapungua ukali. Mpe wiki kadhaa hadi miezi miwili homoni zishuke, usikate tamaa wiki ya kwanza. Ukichelewesha mpaka mwaka wa pili wa tatu inakuwa tabia, hata ukimhasi anaweza kuendelea. Nenda kliniki ya wanyama yenye daktari aliyesajiliwa, au anza na afisa mifugo wa kata yako akuelekeze. Mhasiwe kwa dawa ya usingizi, usikubali mtu wa wembe anayekuja nyumbani. Na jike naye ahasiwe, akiwa kwenye joto anaita madume wa mtaa mzima waje kupiga alama mlangoni kwako, na majike wengine nao wanapiga.

Kuna jambo moja nataka ulishike kuliko yote niliyoandika. Ukimuona huyo dume anaenda kwenye beseni mara kwa mara, anachuchumaa, analia, anajilamba sana sehemu za siri na mkojo hautoki au vinatoka vitone vyenye damu, usisubiri kesho. Njia ya mkojo imeziba. Paka dume akiziba anaweza kufa ndani ya siku moja mbili, sumu inarudi mwilini na moyo unasimama. Watu wanadhani ni choo kigumu wanampa mafuta ya kula. Mbebe usiku huo huo umpeleke kwa daktari.

Choo chao chenyewe. Hujaniambia unatumia nini, na mtu akikaa kimya kwenye hilo mara nyingi nagundua kuna kibeseni kimoja kidogo kiko chooni nyuma ya ndoo. Kanuni ni kila paka na choo chake na kimoja cha ziada, kwako viwe vitatu, lakini kwa nafasi ya vyumba viwili anza na viwili vizuri mahali tofauti. Tumia beseni pana la kufulia, paka aingie ageuke vizuri, lisiwe refu sana mdomo. Weka mchanga mkavu kina cha vidole vinne. Mchanga wa ujenzi ukianikwa juani unafaa kabisa, hatuhitaji ule wa dukani wa bei, wengine wanachanganya na maranda kutoka kwa fundi seremala, yanafyonza vizuri na yana harufu nzuri, ila uliza kama mbao hazikupakwa dawa. Pumba za mpunga zina vumbi, paka anapiga chafya. Nyunyiza bekingi soda kidogo chini kabla ya mchanga. Pafyum usiweke, kinachonukia vizuri kwako kwake ni sababu ya kwenda nyuma ya kochi.

Toa kinyesi na mabonge ya mkojo asubuhi na jioni, funga kwenye mfuko, tupa. Mchanga wote badili kila baada ya siku tatu nne, beseni lioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Plastiki ikishachubuka chubuka kwa kucha inashika harufu, beseni la mwaka mzima badilisha, geuza la zamani liwe la kupandia mchicha. Na usiweke chakula karibu na choo, hakuna mnyama anayekubali hivyo.

Hapa ndo tuongee na mama mkwe, kwa heshima zote, maana hoja yake ina msingi. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kijidudu kinaitwa toksoplasma ambacho mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Huo ni ukweli. Lakini paka kwa kawaida anatoa mayai ya hicho kijidudu kwa wiki moja hadi tatu tu pale anapoambukizwa mara ya kwanza, na mayai yakitoka kwenye kinyesi hayaambukizi hapo hapo, yanahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kwahiyo choo kikisafishwa kila siku bila kuruka, unakata njia. Na asisafishe mjamzito, hiyo kazi mpe baba wa mtoto mpaka ujifungue. Siku asipokuwepo na hamna mtu mwingine, vaa glavu, nawa na sabuni. Jiki haiui hayo mayai, maji yaliyochemka ndo yanaua, mwagieni beseni. Msiwape paka nyama mbichi wala utumbo mbichi. Na mwambie mama kwamba watu wengi wanaipata kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, kuliko kwa kumshika paka aliyelala mapajani, kwahiyo mishikaki ya nusu mbichi na kachumbari ya barabarani uziweke pembeni kipindi hiki. Waambie kliniki ya wajawazito kwamba unafuga paka, ni haki yako kuuliza kipimo. Nadhani mama akiona mwanae ndo anashika koleo la choo cha paka kila asubuhi moyo wake utatulia kidogo.

Chakula nacho kinachangia, nipite haraka. Maziwa waache, paka wengi wakubwa hawayamudu, wanaharisha, na kuharisha ndo harufu inayojaza nyumba usiku. Dagaa wakavu waoshe chumvi na mchanga, wachemshe, wape na mchuzi wake maana paka hapendi kunywa maji na mkojo mzito unanuka zaidi. Ugali mtupu na harufu ya dagaa sio chakula, paka ni mla nyama. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Bakuli lioshwe kila mlo, mabaki ya samaki yakikaa kwenye joto la Dar saa mbili tu inzi wameshafika.

Kambwa ka kibarazani. Harufu ya mbwa mara nyingi inatoka sehemu nne, manyoya, masikio, meno na tezi za nyuma. Muogeshe mara moja kwa mwezi hivi, kwa shampuu ya mbwa au sabuni laini isiyo na ukali, msuuze mpaka maji yatoke safi, afu mkaushe haswa kwa taulo na jua, kwa sababu ile harufu ya mbwa mbichi ni bakteria na fangasi wa kwenye manyoya wanaofurahia unyevu. Fungua masikio unuse, mkiwa na bahati hayana harufu. Yakinuka kama maziwa yaliyochacha na ndani kuna uchafu wa kahawia anajikuna, huo ni ugonjwa, sabuni haitibu. Akijiburuza makalio chini na anatoa harufu ya samaki aliyeoza, tezi zimejaa, daktari anazikamua dakika mbili. Gunia lake la kulalia fua kila wiki, anika juani, ukiwa na magunia mawili ya kubadilishana ni bora. Na kwa sababu unao wote wawili, dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini usimpake paka hata tone, inaua.

Kuhusu hewa sina mengi. Madirisha ya pande mbili yafunguliwe pamoja asubuhi ili upepo upite, mapazia na foronya za makochi zifuliwe kila wiki mbili, manyoya yafagiliwe kila siku kwa tambara lenye unyevu maana fagio kavu linayarusha tu.

Ratiba yako iwe hivi. Leo toa vidonge na jiki, shemeji akanunue beseni mbili na gunia la mchanga. Kesho usiku mtafute madoa na tochi, yeye ainame wewe ushike chaki. Jumamosi kapeti litoke na mmimine sabuni. Wiki ijayo dume aende kuhasiwa. Ukishamulika niandikie umekuta madoa mangapi na yako wapi, kama yote yako karibu na mlango na madirisha ina maana kuna dume wa jirani anakuja kumchokoza huyu wako kwa nje, na hapo tutaanza na dirisha kwanza.